Mkwe Wangu, Mashine ya Msasa na Pazia la Gunia

Mjukuu wangu Sherlini ana cheti cha useremala kutoka chuo cha ufundi. Kiko ukutani kwangu ndani ya fremu, juu ya kalenda na juu ya picha ya marehemu babu yake, na babu yake hajalalamika. Huyo Sherlini ndiye aliyeniletea daftari. "Kukhu," akaniambia, maana huku kwetu nyanya tunamwita kukhu, "andika ile kazi yako ya msasa, wenzangu chuoni wasome. Wanachoma mbao kila siku." Nikamwuliza, kwani walimu hawafundishi? Akasema wanafundisha, lakini mashine haijasoma kitabu chao.

Basi. Mimi shule niliachia darasa la nne. Lakini ukiingia kanisa lolote kati ya Lurambi na Khayega ukaketi kwenye benchi lisilochoma makalio, nakudai shukrani. Sikilizeni.

Mashine yenyewe mnaijua. Ndani yake kuna dramu, gogo la chuma linalozunguka, limevishwa msasa kama mguu uliofungwa bendeji. Chini ya dramu kuna mkanda unaotembea. Mmoja anasimama huku anaulisha ubao, mwingine anasimama kule anaupokea ukiwa laini. Kazi rahisi. Ndiyo maana watu wengi wanaiharibu.

Nilipoajiriwa karakana ya Mzee Habakuki sikuajiriwa kushika mashine. Niliajiriwa kushika fagio. Miaka sita nilifagia unga wa mbao, nikakohoa unga wa mbao, nikarudi nyumbani watoto wananiuliza kama nimetoka posho mill kusaga unga. Mashine ilikuwa ya Mzee Sudi, mtu wa Mumias, mpole, kofia yake nyeupe haikuwahi kushika vumbi na mpaka leo sijui alikuwa anafanyaje. Akifika asubuhi anaitoa salamu yake yote, "Asalaam aleikum," kwa watu, kisha anagonga mashine mgongoni mara moja kama anayesalimia ng'ombe. Ndiye aliyenifundisha. Wengine walicheka. "Sudi, unamfundisha mama mashine?" Sudi akasema, "Nyinyi nimewafundisha miaka kumi. Acha nijaribu mtu."

Alianza na namba. Nyuma ya msasa kuna namba, na namba ndogo ndiyo kali. Hiyo haikunisumbua, hata kwa watu nimeona hivyo. Arobaini inararua. Themanini inanyoosha. Mia na ishirini inalainisha. Mia na themanini ni ya wateja wanaokuja na gari. Na usiruke ngazi. Ukitoka arobaini ukakimbilia mia na hamsini kwa sababu unataka kwenda nyumbani, hiyo mia na hamsini haitaondoa mikwaruzo ya arobaini, itaipiga pasi tu. Ubao utang'aa, utajisifu, utalala. Siku ya kupaka vanishi mikwaruzo yote itaamka kama watoto wa jirani.

Halafu angalia mbao kabla ya kuchagua. Mvule ni mgumu na mkavu, hauna maneno mengi. Saiprasi na msonobari zina utomvu, zinalia ukizigusa. Hizo zitafutie msasa ambao chembe zake zimeachana, zina nafasi, kama mahindi ya watu wa Likuyani wanaopanda kwa kamba. Usichukue ule uliobanana kama mahindi ya shamba langu. Utomvu ukikosa pa kupita unaganda palepale, unakuwa doa jeusi, gumu, na kila ubao utakaopita chini ya doa hilo utachorwa mstari wa kuungua kuanzia kichwa hadi mguu.

Kumbukeni huo mstari. Unakuja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la usafi. Sudi alienda kuswali Ijumaa, akaniambia, "Ule msasa mchafu usafishe." Mimi ni mwanamke niliyelea watoto watano, nani wa kunieleza kusafisha? Nilichukua beseni, maji ya moto, sabuni ya kipande, nikafua. Nikasugua, nikasuuza, nikakamua kabisa, nikauanika kwenye waya kando ya aproni ya Habakuki. Sudi alirudi akakuta karatasi imelainika kama uji, na mchanga wote umelala chini ya beseni. Akatazama beseni, akanitazama. "Mama Muhonja," akasema, "umeufua mpaka kazi yenyewe imetoka."

Kwa hiyo geuza msasa kwanza uone mgongo wake. Ukiwa wa karatasi, maji ni sumu. Ukiwa wa kitambaa, huo unaweza kuuloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, ukausugua polepole kwa mswaki mzee, ukautundika kivulini ukiwa umenyooka, siku nzima. Lakini yote miwili, kabla ya kufikia hayo, inasafishwa kwa kiatu. Mnacheka. Sudi alikuwa na soli ya mpira mbichi, ile ya kahawia inayonata kidogo, aliing'oa kwenye viatu vya harusi yake. Unafungua kifuniko, unaacha dramu izunguke tupu, unaigusisha ile soli taratibu kutoka upande huu hadi ule. Vumbi linatoka, linashikwa na mpira, msasa unarudi rangi yake. Usibonyeze. Mimi nilibonyeza mara ya kwanza, mashine ikaninyang'anya soli ikairusha mpaka kwa fundi wa viti. Ilimpata mgongoni. Alisema ameonewa. Nilimwambia ashukuru haikuwa na kisigino.

Na msasa ukifa, uzike. Pitisha kucha juu yake. Kucha ikikwaruzwa, ungali hai. Ikiteleza, huo ni maiti, na maiti hailainishi mbao, inazisugua mpaka zinaungua.

Kuna pia mvua yetu. Nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua, ikifika saa tisa mbingu za Kakamega zinafunguka bila kuulizwa. Unyevu unaulegeza msasa kwenye dramu. Ukilegea unapandana, na palipopandana panachoma. Kwa hiyo kingo zikutane kama mlango na fremu yake, zisikaliane. Mbao tano zikipita, zima, kaza tena. Na Sudi alikuwa na sheria moja aliyoisema mpaka siku anastaafu kwenda zake Matungu: "Kila mbao tano, zunguka upande wa pili, ukatazame ulichopika. Usiamini masikio." Miaka minne nilizunguka. Alipoondoka, Habakuki alinipa mashine mimi, na fagio likapewa yule fundi wa viti kwa wiki moja, kwa kosa lingine. Sitaficha, nilifurahi.

Ndipo Jumatatu moja nikafika kazini nikamkuta mkwe wangu amesimama kando ya mashine yangu.

Jina lake silitaji, hata hapa. Namwita Baba Sherlini. Alikuwa amemwoa Muhonja, kifungua mimba wangu, na Sherlini huyu mwenye cheti alikuwa anatambaa anakula udongo. Baba Sherlini alikuwa akikata miwa kule Kabras, akachoka na miwa, akaomba kazi kwa Habakuki, na Habakuki akampa kazi ya kupokea mbao. Kwenye mashine yangu. Upande wa pili.

Kwa wale waliozaliwa mjini, nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Akija kwangu namchinjia ingokho, kuku mzima, halafu nakwenda kujificha jikoni mpaka aondoke. Hiyo ndiyo heshima. Kumkosoa mama mkwe? Afadhali uende ukalale kwenye kitanda chake.

Niligeuka nikaongea na ukuta. "Mzee Habakuki, huyu mtu hawezi kufanya kazi hapa."

Naye Baba Sherlini alikuwa tayari amegeukia rundo la mbao. "Mzee," akaliambia rundo, "mimi sikujua mama anafanyanga kwa mashine hii."

Habakuki ni mzee wa kanisa, tena la wale waliookoka kabisa. "Hapa ni kazini," akasema. "Mila zenu muache kwa geti."

Geti lenyewe hatukuwa nalo. Tulikuwa na magunia ya sukari. Basi saa nne mimi nilileta sindano, mkwe akaleta waya, kila mmoja akifanya upande wake, na kufikia chakula cha mchana kulikuwa na pazia la gunia limening'inia kutoka kwenye paa mpaka juu ya kifuniko cha mashine. Wateja tuliwaambia ni la kuzuia vumbi. Mimi nalisha huku, ubao unapita chini ya pazia, mkwe anapokea kule. Hatuonani. Tulifanya kazi vizuri kuliko mafundi waliokuwa wakionana.

Lakini mmeona tatizo, au mpaka niwaandikie kwa chaki? Nisingeweza tena kuzunguka upande wa pili. Kila mbao tano, kule kulikuwa na mkwe.

Ikaja oda ya meza za bwalo la shule moja ya wasichana. Vichwa vya meza, yaani mbao za juu, ishirini na vinne, saiprasi, na saiprasi yenyewe imejaa mafundo kama uso wa mtu mwenye tetekuwanga. Nilipita na themanini vizuri. Nikavisha mia na ishirini mpya, nikaikaza, nikaanza kulisha. Mvua ikaanza. Mashine ikaimba wimbo wake, nami nikaamini masikio.

Ubao wa nne hivi, nikasikia mtu anakohoa upande wa pili. Nikaendelea. Wa sita, anakohoa tena, kikohozi kirefu, kama cha mzee anayebisha hodi. Wa tisa, vikohozi vitatu kwa mpigo. Nikaona huruma. Nikaiambia hewa, kwa sauti, "Mtu anayekohoa na afunge kitambaa puani, hili vumbi ni baya!"

Kisha nikasikia sauti ya kitambaa kikifungwa.

Hakukohoa tena. Mkwe mwenye adabu akiambiwa afunge mdomo anafunga. Nikalisha zote ishirini na nne, nikazima, nikajipangusa, nikajisifu.

Habakuki alikuja saa kumi na moja kutazama. Alipita upande wa pili. Nikamsikia anainua kichwa cha meza, anakirudisha. Anainua kingine.

"Mama Muhonja."

"Naam, mzee."

"Umetengeneza meza au umeandika mistari ya daftari?"

Kila kimoja kilikuwa na mstari. Kahawia kama chai ya rangi, umenyooka, shibiri moja kutoka ukingoni. Fundo moja lilikuwa limetemea msasa utomvu, utomvu umeganda, na ule mstari niliowaambia mkumbuke ulichorwa mara ishirini na nne. Mkwe wangu aliuona tangu ubao wa kwanza. Na alizipanga vizuri, Mungu ampe maisha marefu, mistari yote imeelekea upande mmoja.

Sasa nisiwadanganye, jambo la kwanza nililosema lilikuwa uongo. "Mbao za siku hizi hizo," nikasema. "Zinaletwa hazijakauka."

Kutoka kule nyuma ya gunia sauti ikasema, "Mzee, ni mimi. Nilizipokea polepole."

Eti alizipokea polepole! Hata mbuzi anajua mkanda ndio unaovuta ubao, si anayepokea. Lakini alilisema, kwa sauti ya mtu anayeiaga kazi yake, na mimi nikasimama pale na uongo wangu mdomoni kama mfupa. Mtu aliyetoka kukata miwa, ana mtoto anayekula udongo, ananibebea mzigo kwa sababu mila inamkataza kuniambia msasa wangu ni mchafu.

"Mzee," nikasema, "mwambie huyo mtu uongo wake ni mbaya kuliko wangu. Msasa ni wangu. Sikuusafisha."

Habakuki hakupiga kelele. Angepiga ningelala vizuri. Alisema hivi: mbao zina unene wa kurudiwa mara moja tu. Zirudiwe zote, themanini kisha mia na ishirini. Ukiungua mwingine hata mmoja, mimi nirudi kwenye fagio na Baba Sherlini arudi kwenye miwa. "Na mbadilishane upande," akasema. "Yeye alishe. Wewe upokee, uone kile unachowapikia watu."

Siku ile nilifika nyumbani Muhonja ananingojea, Sherlini mgongoni. Mume wake alikuwa hajamwambia kitu, lakini uso ni gazeti. "Mama, ni kweli mtatufukuzisha?" akauliza. Alisema mtatufukuzisha, kana kwamba mimi na karakana ni kitu kimoja. Nikampokea Sherlini, nikampangusa udongo mdomoni.

Asubuhi niliuvua ule msasa. Doa lilikuwa dogo kuliko kucha ya kidole changu cha mwisho. Ndiyo, kucha ile ile ya kupimia msasa. Ulikuwa wa kitambaa, lakini siku ya kuuloweka ukauke hatukuwa nayo, kwa hiyo nikakata mingine mipya, themanini na mia na ishirini. Nikafunga wa themanini, nikaitundika soli aliyoniachia Sudi kwenye msumari upande wa kulishia, mkwe akiwa amesimama nje kusubiri nitoke. Nikazunguka. Naye akaingia.

Sasa nawaambia, upande wa kupokea ni mahali pa mateso. Kule kwa kulisha unaona mbao chafu zikiondoka na unajiona bingwa. Huku unaona ukweli. Themanini ilipita vizuri, mistari yote ikafutika. Tukabadilisha, mia na ishirini. Nilimsikia akizima kila baada ya tano, anakaza. Kumbe alikuwa akinisikiliza siku zote. Nikapokea wa kumi, safi. Wa kumi na tano, safi, kama shavu la mtoto.

Wa kumi na nane ulitoka, na pale, karibu na fundo, kulikuwa na kivuli. Hakikuwa mstari bado. Rangi ya majani ya chai yaliyotumika jana.

Mdomo wangu ulijaa. Mnanijua, mimi sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe. Na pale sikuwa na hata moja linalofaa kupita kwenye lile gunia. Nikakohoa.

Nilikohoa! Ndipo nikaelewa kila kikohozi cha jana, kimoja baada ya kingine, na nikaona aibu mpaka miguuni. Wa kumi na tisa ulikuwa umeshaanza kuingia. Nikanyoosha mkono nikabonyeza swichi nyekundu. Mashine ikalia, ikanyamaza, na ubao wa kumi na tisa umebaki nusu ndani.

Karakana ikijaa ukimya ghafla mwenyewe huja mbio. Habakuki alitokea na kikombe mkononi. Mimi nilikuwa na ule wa kumi na nane. Ningeweza kuugeuza, upande mbaya ukae chini, hakuna ambaye angejua mpaka vanishi. Nilifikiria hivyo, siwafichi, nilifikiria muda wote aliotumia kutoka mlangoni. Kisha nikauweka juu ya rundo, kivuli kikiwa juu.

"Nani amezima?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Na nilipoendelea, gunia nalo likasema pamoja nami, neno kwa neno: "Msasa umeshika utomvu."

Habakuki aliweka kikombe chini. Akakisugua kile kivuli kwa kidole gumba. Akakisugua tena kwa ukucha.

"Hii haijaungua," akasema mwishowe. "Hii ilitaka kuungua." Akaniangalia. "Sasa mmesimama mnangoja nini? Si msafishe."

Nikasikia mkwe anauchomoa ule wa kumi na tisa, anafungua kifuniko, anawasha dramu, anachukua soli kwenye msumari. Kisha nikasikia mlio, na ule mlio naujua, nimeulipia.

"Mzee Habakuki," nikasema, "mwambie Baba Sherlini anabonyeza kama anayeua nyoka."

Habakuki akatazama gunia, lililokuwa hatua moja kutoka puani mwake. Akanitazama mimi. Mzee wa kanisa, aliyetuambia mila tuache kwa geti. Akavuta pumzi, akainama kidogo kuelekea kwenye pazia.

"Mama anasema unabonyeza sana."

"Mwambie mama nimeshukuru. Niguse namna gani?"

"Anasema ameshukuru. Anauliza aguse namna gani."

"Kama anayempangusa mtoto pua. Atoke kushoto aende kulia, asisimame mahali pamoja. Lile doa likikataa aache, azime, alikwangue kwa kijiti chenye mafuta ya taa kidogo, alipanguse likauke kabisa ndipo awashe."

"Anasema..." Habakuki akasita. "Si umesikia?"

"Nimesikia, mzee," likajibu gunia kwa heshima. "Lakini si ni wewe unaniambia."

Basi akaniambia yote tena, moja moja, pua na kijiti na mafuta ya taa, na chai yake ikapoa. Mlio wa dramu ukabadilika, ukawa ule laini, wa msasa unaopumua. Mkwe akazima, akafunga kifuniko.

"Muulize mama," akasema, "kama ule wa kumi na nane niurudishe uanze upya."

Habakuki hakuuliza. Aliuchukua ubao juu ya rundo, akazunguka nao mwenyewe upande wa kulishia, akamwambia mkwe awashe, akaupeleka chini ya pazia kwa mkono wake. Ukanifikia safi, na fagio na miwa vikabaki huko vilikokuwa.